Mkwe Wangu Anafundisha Takwimu

Niliingia darasa la hisabati kwa kukimbia, na niliyekuwa namkimbia ni mume wa binti yangu.

Usinicheke kabla sijamaliza. Katika ukoo wetu pale Koboko, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawaitani kwa jina. Wakikutana njiani, mmoja huiacha njia. Si uadui huo, ni heshima. Siraji alipomwoa Nabila wangu mwaka juzi, nilimchungulia kwa upenyo wa pazia nikaambulia kisogo. (Jina lake nalitaja hapa kwa sababu hayupo.) Tangu hapo, nikienda kwao Kuluva, yeye hutoka kwa mlango wa nyuma, anakohoa kidogo ili nijue alipo, ananisalimia kutoka nyuma ya jiko, nami namjibu huku nikiwaangalia kuku. Kikohozi chake nakijua kuliko sura yake. Na tunapendana, kwa namna hiyo.

Mimi ni Medina, mjane, nina miaka arobaini na mbili. Shule niliiacha sekondari mwaka wa nne ili niolewe, na tangu mume wangu afariki nimeishi kwa kazi ya kuuliza watu maswali. Shirika likija Koboko likitaka kujua watoto wangapi wanaumwa, au watu wanakunywa maji ya wapi, linanipa mkoba na simu ya kujazia majibu, naenda mlango kwa mlango. Nilikuwa naipenda kazi hiyo bila wasiwasi mpaka siku tulipopelekwa Midia, kule karibu na mpaka. Asubuhi niliwakuta akina mama kabla hawajaenda shamba. Karibu kila nyumba ina mtoto anayekohoa. Alasiri nilirudi kumalizia upande wa pili wa kijiji, mama wako shamba, nikawauliza akina baba. Watoto wote wazima! Nikadhani upande ule una bahati. Kumbe nilipopotea njia nikaingia tena nyumba moja ya asubuhi, baba mtu akaniapia kwamba hapo hakuna mgonjwa, na mtoto niliyemsikia asubuhi anakohoa chumbani.

Nilimweleza msimamizi wetu. Akasema andika unachoambiwa. Nikaandika, lakini swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ni vijiji vingapi tunaambiwa ni vizima kwa sababu tu tulifika alasiri? Niliwauliza wenzangu, wakaniambia nimezidi. Ndipo nikasikia kwamba chuo kikuu pale Arua kinawapokea watu wazima wasiomaliza shule, wakifaulu mtihani wao maalumu. Nilijifungia ndani na vitabu vya wanafunzi wa jirani, nikaufanya huo mtihani, nikafaulu. Nilichotaka ni takwimu. Nilikijua tangu mwanzo, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma.

Siku ya ushauri nilifika ofisi ya usajili kwa binti mmoja mpole anayeitwa Driwaru. Akanieleza kwamba kwa alama zangu naweza kuchagua shahada ya hisabati, ya takwimu, au hisabati pamoja na ualimu. Alhamisi nitasimama mbele ya jopo la wahadhiri watatu, na nitakalolitamka pale ndilo litakaloandikwa, halibadilishwi.

"Na takwimu mwaka wa kwanza inafundishwa na nani?" nilimwuliza, kwa udadisi tu.

"Oo, kijana mzuri sana, amekuja mwaka huu. Bwana Siraji Andama."

Mkwe wangu. Nabila aliniambia mumewe anafundisha kompyuta! Na kabla sijameza mate nikakisikia, kule mwisho wa korido, kile kikohozi. Hakujua kama niko pale, alikuwa anakohoa tu kama watu wengine, lakini miguu yangu haikungoja maelezo. Nilinyakua mkoba, nikafungua mlango wa kwanza nilioukuta, nikaufunga nyuma yangu.

Ndani kulikuwa na vijana wa umri wa Nabila na mwalimu mwenye mvi ameshika chaki. Wote wakanigeukia. Niliketi kiti cha nyuma kabisa kama mtu aliyechelewa.

Mwalimu huyo ni Bwana Afedra. Alikuwa anathibitisha kwamba kipeuo cha pili cha mbili hakiwezi kuandikwa kwa sehemu, hata ufanye nini. Nilimfuata. Si kila kitu, lakini nilimfuata, na sitasema uongo, kulikuwa na raha ndani yake. Kile kitu kilipokwisha kuthibitika ubaoni hakikuwa na wa kukipinga, awe baba au mama, asubuhi au alasiri. Nilijiambia, Medina, hapa utapumzika. Halafu nikaona kwamba ndani ya kitu kile hakuna mtu. Hakuna mtoto anayekohoa chumbani wakati baba anaapa. Mimi ninao hao watoto kichwani na sijui niwapeleke wapi.

Kipindi kilipoisha, Bwana Afedra alinijia akitabasamu. "Mama, umekuja kuona kozi yetu? Wewe ni wa watu wazima?"

Kwenye kioo cha mlango kulipita kivuli kirefu, na kikohozi nyuma yake.

"Ndiyo," nilisema. "Ndiyo, mwalimu."

Alifurahi kama aliyepata shangazi aliyepotea. Alingoja huku nikichelewachelewa mpaka kikohozi kikaenda mbali, kisha akanipeleka mwenyewe kwa Driwaru, akamwambia huyu ni wangu, na Driwaru akaandika kwenye kompyuta yake: hisabati. Nami mdomo wangu wote huu, ambao Koboko nzima inaujua, ukafungika.

Nilifikia kwa dada yangu Ruqaiya, mtaa wa Awindiri. Alikuwa ameandaa kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, na mchuzi wa bamia, na nilipomweleza, alicheka mpaka akaweka bakuli chini.

"Mungu iko nakupenda," alisema, kwa Kiswahili chetu cha mtaani. "Wewe nakimbia, Yeye nafungua mlango ya hisabati. Sasa unataka nini ingine?"

"Dada, mimi nataka takwimu."

"Takwimu iko na mkwe ndani! Wewe nakaa chini, yeye nasimama mbele, nakuangalia? Naita jina yako mbele ya watoto? Na kama umeanguka mtihani, Medina, nani naandika sifuri kwa mama mkwe yake?"

Hilo la sifuri sikuwa nimelifikiria. Nilimwona Siraji ameshika kalamu nyekundu juu ya karatasi yangu, hajui aiweke wapi, na nikamwona mama yake pale Kuluva, mwanamke ambaye aliwahi kumwambia binti yangu kwamba ufagio anaushika kama mgeni, akisikia kwamba mama yake Nabila anakaa darasa moja na mkwewe, macho kwa macho. Angesema hatukumfunza mtoto adabu kwa sababu sisi wenyewe hatuna. Ndoa ya Nabila ilikuwa bado changa. Mimi na ubishi wangu tungeiharibu.

"Au ungoja," Ruqaiya alisema, sasa kwa upole. "Mwaka ingine. Nabila nazaa mtoto ya kwanza, mkwe naleta mbuzi, mnakula pamoja, uso nafunguka. Basi. Hata akikufundisha, hakuna mutu nasema kitu."

Ni kweli, kwetu ndivyo ilivyo. Mjukuu wa kwanza akizaliwa, mzigo wa kukimbiana unatuliwa. Maneno hayo yalinituliza, na hapo ndipo nilipokosea. Asubuhi yake nilipanda pikipiki kwenda Kuluva nikiwa na swali ambalo ningelimeza ningekuwa na akili.

Nilimkuta Nabila uani anapepeta simsim, ufuta wa shamba lao. Siraji alikuwa kazini. Nilimtazama binti yangu, na naona aibu kuliandika hili: nilimtazama tumbo kabla ya uso.

"Nabila, hakuna habari?"

"Habari gani, Mama?"

"Habari ya... si unajua."

Aliacha kupepeta. Aliweka ungo chini polepole.

"Mama yake iko nauliza kila mwezi," alisema. "Shangazi yake iko nauliza. Sasa na wewe?"

"Mimi nauliza kwa uzuri tu."

"Wewe nauliza kwa sababu ya mimi, au kuna maneno ingine?"

Hakuna mtu anayenijua kama mtoto huyu. Nilimweleza yote, korido, kikohozi, Bwana Afedra, mbuzi wa Ruqaiya. Alisikiliza bila kuniangalia. Nilipomaliza aliinuka, akaingia jikoni, akaurudisha mlango. Nikabaki nje. Nilisimama nikizungumza na mlango wa mbao, na binti yangu yuko ndani, kama vile naye sasa amekuwa mkwe.

"Nabila. Mwanangu. Nisamehe."

Sauti yake ikaja, nyembamba: "Wewe najua kwa nini sikukuambia kazi yake? Nilijua wewe nataka takwimu. Nilisema kompyuta ili usiogope. Nilifikiri utaingia kwanza, halafu tutaona."

"Sasa nifanye nini?"

"Chagua hisabati kama wewe nataka hisabati. Chagua takwimu kama nataka takwimu. Lakini usingoje tumbo yangu, Mama. Usingoje hata siku moja."

"Na mama yake? Wakisema?"

"Watasema. Wao iko nasema kila siku."

"Basi mwambie mumeo, mtayarishe, ajue kwamba..."

"Hapana." Hapo alilia, nikamsikia. "Mimi nimechoka kubeba maneno ya watu. Hii ubebe wewe."

Nilirudi Arua nikiwa sijui kama nimekatazwa au nimeruhusiwa. Mpaka Alhamisi sikutulia. Nikikaa nasema hisabati, inatosha, ni heshima, hakuna atakayenilaumu, Bwana Afedra ananipenda. Nikisimama nasema takwimu, na hapo hapo nakaa tena. Ruqaiya alinichemshia tangawizi akadhani ni homa. Kilichonitesa zaidi ni kule kulia kwa Nabila. Nilihisi kuna kitu ndani yake kikubwa kuliko swali langu, na sikuweza kukishika.

Alhamisi nilijitanda mtandio mpaka kwenye nyusi. Driwaru akaniita. Nilifungua mlango na kabla sijanyanyua macho nikakisikia.

Kikohozi.

Kulikuwa na viti vitatu nyuma ya meza: Bwana Afedra, mama mmoja mhadhiri ambaye si wa kwetu, wa upande wa Kampala, na cha tatu kilikuwa kinasogezwa nyuma kwa haraka. Sikumtazama mwenye kiti. Niligeukia ukuta, kulikotundikwa ramani ya Uganda, nikaanza kuisoma kama nilitumwa kuisoma. Nyuma yangu nyayo zilikwenda mpaka dirishani zikasimama.

Yule mama wa Kampala aliuliza kwa Kiingereza kama tunaumwa.

Siraji akajibu, naye kwa Kiingereza, na nilisikia kwamba anaongea na kioo cha dirisha. Alisema huyu ni mama wa mke wake. Alisema hatampa alama yoyote, leo wala siku nyingine, karatasi zake atazisahihisha mtu mwingine. Lakini akitoka nje jopo litabaki na watu wawili, halitakuwa jopo, na mama huyu ataambiwa arudi mwaka ujao. Kwa hiyo atabaki, ila hatageuka.

Bwana Afedra ni Mlugbara, mtu wa huku kwetu. Hakuhitaji kuelezwa. Nilimsikia akimnong'oneza mwenzake, kisha akasafisha koo.

"Mama Medina, hapa umeandikwa hisabati. Ni hivyo?"

Neno ndiyo lilikuwa limeshafika ulimini. Lilikuwa jepesi na lingemwacha kila mtu salama. Siraji angerudi nyumbani kwa amani, mama yake asingekuwa na la kusema, Ruqaiya angepika kuku. Nikakumbuka ule mlango wa jikoni na sauti nyuma yake. Usingoje hata siku moja.

"Hapana," nilisema. "Takwimu."

"Lakini uliingia darasani kwangu mbio!" Nadhani aliumia kidogo, maskini.

"Nilikuwa nakimbia, mwalimu. Namkimbia huyu aliye dirishani."

Bwana Afedra alicheka, na yule mama wa Kampala naye akacheka. Kisha mama huyo akaniuliza kwa nini takwimu. Kiingereza changu ni cha kujaza majibu kwenye simu, lakini nikawapa Midia yote. Asubuhi na mama, alasiri na baba, na mtoto yule yule chumbani. Yote niliiambia ramani ya Uganda, maana ndiyo iliyokuwa mbele yangu.

Dirishani kukasikika kikohozi. Safari hii Siraji aliacha Kiingereza.

"Mama. Iko swali moja."

"Uliza, baba."

"Jibu ya asubuhi na jibu ya mchana. Gani iko kweli?"

Miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Sijui, baba. Hata leo sijui. Ndiyo nimekuja."

Kisha Bwana Afedra akashusha pumzi, akasema, haya, takwimu, na akamwita Driwaru abadilishe kabla orodha haijafungwa. Walinipokea.

Nilitoka. Mwisho wa korido kuna kona ya kwenda kwenye bomba la maji. Nilisimama pale nikiegemea ukuta, na upande wa pili wa kona hiyo kikohozi kikaja, chini chini.

"Mama, hongera."

"Ahsante, baba. Nisamehe kwa aibu ya leo."

"Hakuna aibu." Nyayo zake zikasogea kidogo, zikarudi. "Mama, Nabila aliniambia wewe ulikuja Kuluva. Aliniambia uliuliza nini, hiyo tu."

Nilitamani ukuta ule ufunguke niingie.

"Mimi sina hasira," alisema. "Lakini ndani ya chumba wewe ulisema jibu iko nafuata mutu gani umeuliza. Nabila, watu iko nauliza yeye kila mwezi. Mimi, hakuna mutu aliuliza."

Alikohoa kidogo.

"Nilienda kwa daktari, Mama. Mara mingi. Shida iko kwangu. Labda mtoto hatakuja." Sauti yake ilikatika, akaiokota tena. "Nabila najua. Yeye nanyamaza, watu wafikiri ni yeye. Mimi naambia yeye, sema, na yeye nakataa."

Basi ndicho kile kitu nilichoshindwa kukishika. Mtoto wangu alikuwa amejitwisha jina baya la mwenzake, na mimi mama yake mzazi nikaenda nikaongeza kuni juu ya mzigo ule. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananiona. Na nikaelewa kwamba mbuzi wa Ruqaiya huenda asije kamwe. Kwamba mimi na mtu huyu tunaweza kuzeeka hivi, mmoja upande huu wa ukuta na mwingine upande ule. Na kwamba kama si ukuta huo asingeweza kuniambia.

Nilitafuta la kumwambia. Maneno ya kumpoza yalikuwepo, tunayo mengi, lakini yote yalikuwa maneno ya alasiri, ya kuapa kwamba hapa hakuna mgonjwa.

"Baba," nilisema, "darasa ikianza, iko saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, Mama. Wewe kaa nyuma. Mimi nitaandika ubaoni, sitageuka."

"Basi andika kubwa kubwa. Macho yangu imezeeka."

Nilimsikia akicheka, au kitu kinachofanana na kucheka, kisha nyayo zake zikaenda. Nilinawa uso bombani, nikampigia Nabila simu. Nilimwambia nimechagua takwimu na nakuja Kuluva jioni hiyo hiyo. Akauliza kwa woga nakuja kufanya nini.

"Kupepeta simsim," nilimwambia. "Siulizi kitu."